Kiwiko kinateguka tena baada ya kurudishwa: je, upasuaji ni lazima?

Swali
Ndugu wanajukwaa, mdogo wangu, dereva wa bodaboda hapa Morogoro, alianguka akajikinga kwa mkono, na kiwiko kikateguka. Kilirudishwa, lakini kinachomoka tena, na picha ya CT imeonyesha kwamba kichwa cha mfupa wa upande wa kidole gumba kimevunjika, pamoja na ncha ya mbele ya mfupa mwenzake. Daktari anashauri upasuaji, ilhali wazee wetu wanaona vipande vitolewe tu, kisha mkono ukae kwenye plasta miezi miwili. Naomba ushauri.

Jibu: daktari wa mifupa
Poleni sana. Kiwiko kilichoteguka bila mfupa kuvunjika kwa kawaida hupona bila kupasuliwa, lakini majeraha haya matatu yakikutana, kiungo hukosa cha kukishikilia. Ncha ile ya mbele ndiyo inayozuia mkono usichomoke kuelekea nyuma. Kichwa cha mfupa nacho huuzuia usipinde kuelekea nje, na kukitoa bila kuweka cha bandia, hali kano (mikanda inayoshikanisha mifupa ya kiungo) zimekatika, ni kosa ambalo mgonjwa hulilipia kwa miaka. Kwa kawaida daktari huanza na ile ncha, akafuatia kichwa, ambacho hufungwa kwa skrubu au, kikiwa kimesagika, huwekewa cha chuma, kisha akaishona kano ya nje kwenye mfupa wa juu. Kiwiko kikiwa bado kinacheza, ndipo hushughulikia kano ya ndani au hufunga vyuma vya nje vyenye bawaba.

Jibu: mtaalamu wa fiziotherapia
Naongeza kuhusu plasta. Kiwiko kikifungwa zaidi ya wiki tatu huanza kukakamaa, na kukirejesha ni kazi ngumu. Ndiyo maana kinaimarishwa kwa upasuaji, ili mazoezi yaanze mapema. Shughuli nyingi za kila siku huhitaji kukunja kati ya nyuzi 30 na 130, na hilo ndilo lengo letu la kwanza. Asiinue mkono kwa kuutanua ubavuni, kwani uzito wake huivuta kano iliyoshonwa. Tafadhali msikubali akandwe kwa nguvu, maana mfupa unaweza kuota ndani ya misuli.

Muulizaji
Nashukuru. Kidole chake kidogo kina ganzi tangu ajali. Je, kuna uhusiano?

Jibu: daktari wa mifupa
Upo. Mshipa wa fahamu wa kidole hicho hupita nyuma ya kiwiko, upande wa ndani. Mwelezeni daktari wake kabla ya upasuaji, ili aupime na kuandika hali yake kwenye faili.