Nina sonona na watoto wananitegemea, waliopitia mlifanyaje?

MamaWawili
Habari zenu wapendwa. Nina watoto wawili, mkubwa miaka 6 mdogo miezi 10. Tangu huyu mdogo azaliwe siko sawa kabisa, naamka nimechoka kama sijalala, chakula sikitamani, mtoto akilia naenda kumbeba ila moyoni sihisi chochote na hicho ndo kinaniumiza kuliko vyote. Daktari kasema ni sonona kanipa dawa, nina wiki moja nazo na sioni tofauti. Mume wangu ni mtu mzuri, akiuliza una nini namjibu nimechoka tu. Ndugu wao ni jikaze una watoto. Jana mkubwa kaniuliza "mama nimekukosea nini?" nikashindwa kujibu. Naombeni kwa waliopitia, mlimwambia nani na mlianzaje? Na mtoto wa miaka 6 anaambiwa au anafichwa?

BabaK
Pole sana dada. Mimi mwanaume na ilinikuta baada ya mtoto wetu wa pili, watu wanadhani ni ya akina mama peke yao. Kwangu ilikuja kama hasira, kila kitu kinaniudhi, sauti za watoto sizitaki, mke wangu akawa anajua simpendi tena kumbe mwenzie naumwa. Mwambie mumeo, na kama mdomo mzito mwandikie meseji, mimi nilifanya hivyo nikiwa chumba cha pili. Halafu usiishie kumwambia unaumwa, mpe kazi. Watu wanapenda kusema "ukihitaji chochote sema", sasa mtu mwenye sonona hana hata nguvu ya kufikiria anahitaji nini! Sema wewe amka na mtoto usiku huu, wewe dada njoo Jumamosi ukae nao nilale. Mimi hilo la kulala lilinisaidia sana.

NesiMstaafu
Mwanangu, wiki moja bado. Dawa nyingi za sonona zinachukua wiki 2 mpaka 4 kuanza kuonyesha kitu, nguvu yake kamili ni wiki 6 hadi 8 hivi, na madhara madogo kama kichefuchefu huwa yanatangulia nafuu, hapo ndo wengi wanaziacha. Usiache ghafla hata ukipata nafuu, zinapunguzwa na daktari. Muulize pia kama alipima damu na thairodi, ile tezi ya shingoni, maana baada ya kujifungua upungufu wa damu na thairodi vinaweza kuleta uchovu unaofanana na huo. Na kama kuna kaunsela karibu nenda, dawa na mazungumzo vinasaidiana. Nikuulize wazi kabisa, je unawaza kujidhuru au kwamba watoto wangekuwa bora bila wewe? Kama ndio usisubiri siku ya kliniki, mwambie mumeo leo leo akupeleke hospitali, na usibaki peke yako.

Kifungua_Mimba
Mimi ndo nilikuwa huyo mtoto. Mama yangu aliumwa miaka mingi hakuna aliyetuambia kitu, tukaambiwa tu msimsumbue mama, kwa hiyo nikakua najua mimi ndo namsumbua, nikipata maksi mbaya naona nimemzidishia, nikawa mtoto mpole kupita kiasi na kila mtu akawa ananisifu. Mwambie dada. Maneno machache tu, mama anaumwa, ugonjwa unamfanya awe na huzuni na achoke, hujakosea kitu, sio kazi yako kuniponya, nameza dawa na baba anasaidia. Atauliza tena kesho na keshokutwa, mjibu vilevile. Ila usimfanye yeye ndo wa kumlilia, wa kumlilia awe mtu mzima.

MamaWawili
Nimesoma zote nalia, asanteni mno. Nesi mama, kujidhuru hapana siwazi, nawaza tu kuondoka nikalale mahali. Mume nimeshamtumia meseji, kajibu anakuja tuongee. Swali moja, bado nanyonyesha na sikumbuki kama nilimwambia daktari.

NesiMstaafu
Mpigie kesho asubuhi umwambie. Zipo dawa za sonona wanazopewa wanaonyonyesha, inawezekana hata hiyo yako ni mojawapo, ila usiiache wala kumwachisha mtoto kabla hujaongea naye. Na hayo mawazo ya kuondoka mtajie pia.