Mchanga wa lami Alberta: mtambo wa majaribio ukifaulu, leseni ya kibiashara itolewe papo hapo?

Mleta mada: Wakuu, chukueni mfano huu. Kampuni ina mbinu mpya ya kutenganisha lami na mchanga. Mtambo wake wa majaribio unameza tani 5 kwa saa na kupata asilimia 90 ya lami iliyomo. Je, mdhibiti wa nishati wa Alberta, Kanada, airuhusu kujenga wa tani 5,000 kwa saa bila hatua ya kati? Nasema airuhusu. Hatua ya kati inakula miaka na mtaji, na fizikia ni ileile.

Kinu: Ni ileile, ila vitu havikui kwa mwendo mmoja. Tanki la kutenganishia linategemea eneo la uso wake. Povu la lami lipate pa kupandia, mchanga upate pa kuzamia. Ukizidisha malisho mara 1,000, kipenyo kinaongezeka kama mara 32, kwa hiyo tanki la mita 1 linakuwa la mita 32. Tope lisipoingia sawasawa pande zote, linajitobolea njia upande mmoja na lami inatokea chini pamoja na mchanga. Unaweza kugawa kwenye matanki kadhaa, lakini umejiongezea pampu, vali na kona za mabomba, na mchanga huo unatafuna chuma mchana na usiku.

Hata hivyo, hofu yangu kubwa ni maji. Mtambo mdogo mara nyingi hutumia maji safi, yakapita mara moja basi. Mkubwa unayarudisha kutoka bwawa la mabaki, tena na tena, na chumvi, kalsiamu na magnesiamu vinajilimbikiza. Hapo chembe za mfinyanzi zinang'ang'ania matone ya lami, viputo vya hewa havishiki, povu linachafuka. Tena majaribio hulishwa mchanga teule wenye lami asilimia 12, wakati mgodini lori linaweza kukuletea wa asilimia 8 uliojaa mfinyanzi. Hiyo asilimia 90 hainiambii kitu mpaka nijue maji yalizungushwa mara ngapi na mchanga ulitoka tabaka gani.

Mleta mada: Mbona kampuni ya Great Canadian Oil Sands walianza mwaka 1967 kwa lengo la mapipa 45,000 kwa siku? Mbinu ya maji moto ya mwanasayansi Karl Clark ilikuwa imejaribiwa kwa viwango vidogo tu.

Kinu: Mfano huo unakugeukia, mkuu. Mtambo wa Bitumount, ulioijaribu mbinu ya Clark kabla yao, ulikuwa hatua ya kati hasa, na bado majira ya baridi yaliwaumbua Great Canadian: mchanga ulioganda ulikula meno ya mashine za kuchimbia kwa kasi ambayo hakuna aliyeitegemea. Maabara haina baridi ya Alberta.

Mvuke: Niongezee upande wa visima, ambako mvuke hushushwa ardhini ili lami ilainike na kuvutwa juu, maana sehemu kubwa ya lami iko chini mno kuchimbwa. Kituo cha majaribio cha chini ya ardhi cha AOSTRA, shirika la serikali ya Alberta la utafiti wa mchanga wa lami, kilianza na jozi tatu za visima vya mlalo vya takriban mita 60, baadaye zikaja za mita 500. Mradi wa visima wa Foster Creek ukafika hatua ya kibiashara mwaka 2001. Ngazi ilipandwa kipandio kwa kipandio. Na hata hivyo, kwenye mradi mwingine wa mvuke, Joslyn, Mei 2006, shinikizo la mvuke lilipasua tabaka la mwamba la juu, mvuke na mawe vikarushwa hewani. Na hesabu ya boila ni hii: uwiano wa mvuke kwa lami (mapipa ya maji ya kugeuzwa mvuke kwa kila pipa la lami) ukiwa 3, mapipa 10,000 ya lami kwa siku yanadai maji kama mita za ujazo 4,770 ya kuchemsha. Uwiano ukipanda hadi 4, boila hazitoshi, na huongezi boila kwa wiki moja.

Mleta mada: Basi leseni yenye masharti. Hatua ya kwanza tani 500 kwa saa, nyingine zijengwe matokeo yakikubalika.

Kinu: Hapo tunakaribiana, ila matokeo yapimwe kwa maji yaliyozungushwa, mchanga hafifu ukiwemo, na msimu mmoja wa baridi kamili. Kama mbinu inatumia kiyeyushi, yaani kimiminika cha kuyeyusha lami, kipimo chake kiwepo pia. Migodi ya huko imewekewa kikomo cha ujazo 4 wa kiyeyushi kupotea kwa kila 1,000 wa lami. Kwa mapipa 50,000 kwa siku ni mapipa 200 yanayoishia bwawani au hewani, na hayo ni kwa anayetii kikomo. Mfano wako haujasema lolote kuhusu hilo.