Ajira za bima za kamisheni tupu: tupeane uzoefu kabla mtu hajasaini

Mleta uzi
Wakuu, vijana wanaotoka chuo wanaitwa kwenye usaili wa "mshauri wa masuala ya fedha", wanakuta ukumbi umejaa, na wiki inayofuata wote wamepata kazi. Ni uwakala wa bima, kamisheni tupu. Lawama tumeshasoma za kutosha. Mnaoijua hii biashara wekeni vifungu na hesabu.

Mdau, Dar
Anza na kichwa cha karatasi. Ikiandikwa "mkataba wa uwakala", usitegemee mshahara, NSSF, likizo wala nauli. Ila kuna ofisi zinakusainisha uwakala, halafu zinakudai kitabu cha mahudhurio saa mbili asubuhi, ripoti kila jioni na ruhusa ukiumwa. Hapo una hoja kwamba wewe ni mwajiriwa. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania kinatazama kazi inavyofanyika: nani anakupangia saa, nani anakupa vifaa, kama kipato chako kinamtegemea mtu mmoja. Ukiachishwa na ukataka kudai, CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) wanakupa siku 30 tu kufungua shauri. Wengi zinawaishia huku wakiambiwa kwa simu "suala lako linashughulikiwa".

Na usiuze chochote kabla usajili wako wa TIRA (mamlaka inayosimamia bima) haujatoka. Fomu utakazoleta zitaingizwa kwa namba ya kiongozi wa timu, kamisheni iende kwake, nawe usiwe na pa kushika.

Mdau, Mwanza
Shimo lenyewe liko kwenye bima ya maisha: kamisheni inayolipwa mapema.

Chukua mfano (viwango vyako viko kwenye jedwali la mkataba). Mteja anachangia 50,000 kwa mwezi, kamisheni ya mwaka wa kwanza ni asilimia 40. Kampuni inakulipa ya miezi 12 kwa mkupuo: 240,000. Mteja analipa miezi mitatu, anaacha. Uliyostahili ni 60,000. Ile 180,000 inageuka deni, inakatwa kwenye kamisheni za wateja wapya. Wakiacha watatu wa namna hiyo unadaiwa 540,000, na mwezi huo unauza vizuri tu lakini mkononi hakiingii kitu. Kwa hiyo kabla ya kusaini uliza: muda wa kurejesha ni miezi 12 au 24? Inarejeshwa kwa uwiano au yote? Nikiondoka, deni linanifuata?

Sasa kwa nini wanaacha. Mara nyingi tatizo lilikuwepo tangu siku ya fomu. Mtumishi wa umma mchango wake unakatwa kwenye mshahara, na baada ya makato yote lazima abakiwe na theluthi moja ya mshahara wa msingi. Mwalimu mwenye mkopo wa benki na wa SACCOS anasaini huku anacheka, fomu ikifika utumishi makato yanagoma. Omba saleri slipu ya mwezi uliopita kabla hujafungua kalamu. Msingi 720,000, theluthi yake 240,000. Kama anabakiwa na 265,000, nafasi iliyopo ni 25,000. Usimwandikie 50,000 kwa sababu lengo la mwezi linakubana.

Mdau, Nairobi
Huku Kenya kamisheni ya wakala inakatwa kodi ya zuio asilimia 10, broka ni 5. Hakikisha cheti cha zuio kinaonekana kwenye iTax (mfumo wa kodi wa mtandaoni), maana ritani ya kodi ya mwisho wa Juni ndipo unapokihitaji. Bila hicho utadaiwa kodi uliyokwisha katwa.

Mdau, Dar
Tusisahau bima za vyombo vya moto. Ukiuza bima ndogo ya gari (ile ya mtu wa tatu) kwa 118,000, hapo 18,000 ni VAT. Kamisheni inahesabiwa kwenye 100,000. Mkataba ukisema asilimia 10, ni 10,000 kabla ya kodi, na ukimfuata mteja mara mbili kwa bodaboda inabaki ya soda. Bora umpe maelezo kwa simu.

Hela ya mteja usiishike, alipe kampuni moja kwa moja. Akikupa taslimu asubuhi ukasema utaweka kesho, gari likagonga jioni, bima haipo na wewe ndiye unayetafutwa na polisi. Mwambie pia ahakiki stika ya bima kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA.

Mdau, Arusha
Niongeze mtego wa kumlipia mteja. Tarehe 28, lengo limebaki mtu mmoja, kiongozi anakwambia "mlipie mwezi wa kwanza, utarudisha kwenye kamisheni". Anajua anachosema: naye ana gawio lake juu ya kila unachouza, na lake pia linategemea lengo. Mteja ambaye hakutoa hata shilingi yake hana sababu ya kulipa mwezi wa pili, na hesabu ya mdau wa Mwanza inakurudia wewe.

Kingine ni kamisheni za mwaka wa pili na kuendelea. Soma kifungu cha kuvunja mkataba. Vingi vinasema ukiondoka zinabaki kwa kampuni, wateja wako wanagawiwa wengine. Vingine vinakuachia baada ya kutumikia miaka kadhaa; hiyo miaka iandikwe, isisemwe mdomoni.

Na kila mwezi dai taarifa ya kamisheni yenye namba ya kila bima, kiasi kilicholipwa na kilichorejeshwa. Itume kwenye barua pepe yako binafsi siku hiyohiyo. Ile ya ofisi huzimwa kabla hata hujarudisha kitambulisho.