Kikaragosi cha sentimita 27: kanga inatetemeka kila picha, waya unakatika kiwikoni

uzi_mmoja

Wakuu, salaam. Natengeneza vikaragosi viwili vya animesheni ya picha kwa picha: mama wa makamo aliyejifunga doti ya kanga, na mzee mwenye kanzu na kofia. Mama ana sentimita 27, yaani 1:6 ya mtu wa sentimita 162. Kiunzi (mifupa ya ndani) ni waya wa alumini wa milimita 1.5, nyuzi mbili zilizosokotwa mwili mzima, juu yake sponji; kichwa ni udongo wa polima uliookwa. Filamu inakwenda picha 24 kwa sekunde, kila mkao unashika picha mbili, kwa hiyo ni mikao 12 kwa sekunde.

Shoti za majaribio zinaonyesha shida tatu. Kanga (kipande nilichokata kwenye kanga halisi) mikunjo yake inacheza hata mama akiwa amesimama anageuza kichwa tu. Waya wa kiwiko unakatika mapema mno. Na akinyanyua mguu mmoja anayumba, maana miguu nimeishikiza kwa pini tu.

Kitambaa gani kinafaa, mikunjo inatulizwaje, na jina la kanga (yale maandishi yake) litasomekaje kwa udogo huu? Natanguliza shukrani.

taa_mbili

Kabla ya kuisingizia kanga, kwanza itoe kamera kwenye orodha ya watuhumiwa. Msimamishe mama, ondoa mikono yako, piga picha 24 bila kugusa kitu, kisha zicheze mfululizo. Mwanga ukipepesa, kosa si la nguo.

Kiasi cha mwanga wa picha na ulinganifu wa rangi nyeupe (white balance) kwenye kamera viwe vya kuseti kwa mkono, visijirekebishe vyenyewe. Halafu kuna lenzi: lenzi za kielektroniki hufunga na kufungua tundu la kupitishia mwanga kwa kila picha, na tundu halirudi pale pale kila mara. Lenzi ya zamani yenye pete ya kuzungusha tundu kwa mkono inamaliza tatizo hilo kabisa. Ziba dirisha. Vaa nguo nyeusi na usimame sehemu ileile kila unapobonyeza, kwa sababu shati jeupe linarudisha mwanga kwenye uso wa kikaragosi na watu hutafuta kosa hilo wiki nzima bila kuliona.

Bi Sindano

Jaribio la taa_mbili lifanye, lakini kwa maelezo yako nguo inahusika bila shaka.

Kanga halisi ina unene wa karibu robo milimita. Kwa 1:6 ni sawa na kumfunga mtu mkeka wa milimita moja na nusu. Kipande kikiwa kidogo hivyo, uzito wake haushindi ukakamavu wake. Hakianguki, kinasimama, na kila ukikigusa kinatafuta mahali papya pa kusimama. Kwenye King Kong ya 1933 manyoya ya sokwe yanaonekana yakitetemeka kwa sababu vidole viliyagusa kati ya picha na picha. Ndiyo hayohayo.

Kwa hiyo acha kumvalisha. Nguo ya kikaragosi inajengwa juu ya mwili, na kila mkunjo uwe umeuamua wewe.

Kitambaa: bafta nyepesi au voili ya pamba tupu, ile ambayo ukiiweka juu ya gazeti unaona herufi kubwa. Ifue kwa maji moto na sabuni itoke wanga wa kiwandani, maana wanga huo unavunjika ukipindwa na kuacha mistari mieupe. Usitumie shifoni ya polista: inateleza, inang'aa, na mng'ao unaanika kila mguso.

Usimzungushie kanga nzima kiunoni. Mtu akijifunga, kanga inampita mara moja na zaidi, na ndani kuna tabaka zisizoonekana. Zikate zote. Shona sketi ya tabaka moja inayozunguka mwili, halafu ongeza ukanda wa sentimita 3 au 4 mbele uonekane kama mwisho wa kanga uliopita juu. Pale juu ya kiuno palipokunjwa, tengeneza msokoto wa kitambaa peke yake na uushone juu. Akiwa mbele ya kamera hakuna atakayejua.

Chini weka waya. Nyuzi za shaba za kuzungushia mota, milimita 0.3 hadi 0.4, zinatosha. Mmoja upite kwenye upindo wa chini mzunguko mzima, na mingine minne au mitano isimame wima kutoka upindoni hadi usawa wa magoti, ndani ya mikunjo unayotaka ionekane. Ncha za waya zikunje ziwe kitanzi kidogo, la sivyo zitatoboa kitambaa katikati ya shoti. Waya unashikwa kwa utepe mwembamba wa bafta uliobandikwa kwa gundi ya kitambaa; gundi ipakwe kwenye utepe, si kwenye sketi, isije ikapenya mbele na kuacha doa. Wengine huweka foili ya jikoni kati ya vitambaa viwili. Inashika umbo vizuri sana, ila kila ukiikunja inabaki na alama, kwa hiyo mimi naiona inafaa kwa ushungi na kilemba, si kwa sketi inayotembea.

Kingo: usikunje upindo, utanenepa. Pale utakapokata, pitisha kwanza brashi nyembamba yenye gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, subiri ikauke kabisa, ndipo ukate juu ya mstari huo. Hakitachanika nyuzi. Ukikata kwanza na kupaka baadaye, nyuzi zinakuwa zimeshatoka.

Mikunjo ya kudumu: ipange kwa pini kikaragosi kikiwa kimesimama, kisha pulizia upande wa ndani gundi nyeupe sehemu moja kwa maji sehemu nane. Ukipulizia nje itang'aa. Dawa ya kupulizia nywele inashika pia, lakini inabaki na unato na kukusanya vumbi, na kwa kanga yenye rangi nyeusi vumbi linaonekana kama mchele.

Mwisho, shona sketi kwenye sponji ya kiuno sehemu nne: mbele, nyuma, pande mbili. Bila hivyo sketi nzima inazunguka polepole, na kwenye shoti ya sekunde kumi pindo linakuwa limehamia ubavuni. Wakati wa kuhuisha (kumsogeza kati ya picha na picha), mshike mama kwa kifua na nyonga kutokea nyuma, na nguo isukumwe kwa kijiti cha meno au kibanio pale penye waya tu. Kama picha hii ni ya kichwa, gusa kichwa.

koleo

Bi Sindano kamaliza nguo, mimi niingie ndani yake.

Alumini hukakamaa kila inapopindwa, na ikikakamaa vya kutosha inakatika. Hilo haliepukiki, unachoweza ni kulichelewesha na kujiandaa. Kinacholiharakisha ni mambo matatu. La kwanza, kusokota kwa nguvu: waya uliobanwa sana umeshachoka kabla haujaingia mwilini. Funga ncha moja kwenye jiriwa, nyingine kwenye drili, zungusha taratibu, mzunguko mmoja kwa kila sentimita unatosha. La pili, meno ya plaizi: kila kovu ni mahali pa kukatikia, kwa hiyo funga meno kwa tepu. La tatu, na ndilo ninaloshuku kwako, mpaka mkali wa epoksi (gundi ya sehemu mbili inayokauka ngumu). Kama umefanya mfupa wa mkono kwa epoksi ya kukanda na ukaukata wima karibu na kiwiko, mpindo wote unatokea kwenye nukta moja. Acha milimita 10 hadi 12 ya waya wazi kwenye kiwiko, chonga mwisho wa epoksi uwe mteremko, na zungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba tabaka mbili ili sponji isisuguane na waya.

Unene mmoja mwili mzima pia si sawa. Kwa sentimita 27: miguu na mgongo nyuzi mbili za milimita 2, mikono nyuzi mbili za 1.5, vidole uzi mmoja wa 0.8 hadi 1. Mguu ukiwa dhaifu kuliko mkono, ukisukuma mkono mwili mzima unasogea. Waya wa kufungia nondo usiutumie, ni wa chuma na hautulii pale ulipouacha vizuri kama alumini.

Waya wako ukiwa mgumu tangu dukani, unaweza kuulainisha. Usugue kwa sabuni ya mche, upitishe juu ya moto wa gesi ukiusogeza, na alama ya sabuni ikigeuka nyeusi ondoa. Ukizidisha unayeyuka bila kubadilika rangi, hakuna onyo. Hii ni kwa waya mtupu tu, kabla ya epoksi na sponji.

Mkono uwe wa kubadilishwa. Begani weka mrija wa shaba ya njano wa pembe nne ndani ya epoksi ya kifua, na mwanzoni mwa mkono mrija mdogo unaoingia humo kwa kubana. Pembe nne, si duara, ili mkono usizunguke. Sasa hapa nguo inaingia: mkono wa blauzi ushonwe kwenye kifua, usibandikwe kwenye mkono wenyewe. Waya ukikatika unachomoa mkono kupitia nguo na kuingiza mpya bila kufumua chochote. Tengeneza mikono ya akiba kabla ya kuanza kupiga, yote kwa kipimo kimoja.

Miguu: tupa pini. Kila unyayo uwe na nati ya M3 (ya bolti ya milimita 3) ndani ya epoksi, usawa na sehemu ya chini. Zungushia ncha ya waya wa mguu kwenye nati kwanza, kwa sababu epoksi peke yake itaiachia ikivutwa. Epoksi ikikauka, bolti iwe imefungwa humo na imepakwa mafuta ya mgando, isije ikaziba nyuzi. Sakafu ya plaiwudi ya milimita 9, tundu la 3.5, washa (kile kiduara cha chuma cha kuwekea bolti) ya nusu milimita, bolti ya M3 yenye urefu wa 12 kutokea chini. Hesabu inakaa: inabaki milimita 2.5 na nati ina 2.4. Ukiweka bolti ya 20 itagonga epoksi kabla haijakaza, na unyayo utanyanyuka kutoka sakafuni. Matundu uliyokwisha kuyapita yazibe kwa udongo wa rangi ya sakafu.

Na kwa kuwa mama kavaa nguo ndefu, una bahati: akinyanyua mguu unaweza kumshikilia kwa fimbo ya waya mnene inayoingia nyongani kutokea nyuma, kamera isione.

uzi_mmoja

Asanteni sana. Epoksi kweli nimeikata wima. Bado jina la kanga: nina printa ya wino ya nyumbani, nilifikiria karatasi zile za kuhamishia picha kwenye fulana kwa pasi.

chapa_ndogo

Hizo hapana. Zinaacha ngozi ya plastiki juu ya kitambaa, inang'aa na haikunjiki.

Chapa moja kwa moja juu ya bafta. Kanga ya sentimita 150 kwa 110 ikigawanywa kwa sita ni 25 kwa 18.3, inaingia kwenye A4 na nafasi inabaki. Bandika bafta iliyopigwa pasi juu ya karatasi ya stika ya A4, kata kingo sawasawa, ondoa kila uzi unaoning'inia, na upande unaotangulia kuingia printani upitishie tepu. Uzi mmoja ukinasa kwenye kichwa cha printa, hasara yake inazidi bei ya kanga. Printa ya leza usiijaribu, wino wake wa unga unapasuka kwenye mikunjo.

Angalia aina ya wino. Wino wa pigmenti (wenye chembe za rangi zisizoyeyuka) ukikauka unavumilia maji. Wino wa kawaida wa rangi unachuja pale pale utakapopuliza ile gundi ya Bi Sindano. Jaribu kwenye kipande cha pembeni kwa tone la maji. Ukichuja, puliza vanishi ya akriliki isiyong'aa, tabaka mbili nyepesi.

Mchoro usiupunguze tu kwa kompyuta. Vidoto na mistari myembamba ya mji (sehemu ya katikati ya kanga) ikiwa 1:6 inagombana na kamera na kutoa mawimbi ya rangi. Uchore upya: pindo liwe na maua machache makubwa, mji uwe na umbo moja au mawili. Jina hivyohivyo. Herufi za sentimita 3 zinakuwa milimita 5, na kwenye shoti pana hazisomeki. Zipandishe hadi 7 na uchague jina fupi. Chapa mbili, maana ni doti, na ya mabegani lazima ifanane na ya kiunoni.

Bi Sindano

Vanishi naikubali kwa ya kiunoni tu. Ya mabegani ikipigwa vanishi itasimama kama kadi, na pale bega linapozunguka itapasuka. Kwa hiyo tafuta mwenye wino wa pigmenti akuchapie zote mbili.

Hukuuliza kuhusu kanzu, lakini usiifanye nyeupe. Nyeupe tupu chini ya taa inaungua, na uso mweusi wa mzee ulio juu yake unazama gizani; kamera haiwezi kuvishika vyote viwili. Loweka bafta kwenye chai ya rangi nyepesi dakika tano hadi kumi, isuuze, ikauke. Kwenye picha itasomeka nyeupe. Nakshi za shingoni zishone kwa uzi mmoja uliochomolewa kwenye uzi wa kudarizi wenye nyuzi sita.

Kofia usiipime kwa hesabu ya mtu, pima kichwa cha kikaragosi, kwa sababu kawaida tunavikuza. Duara la juu na mshipi vikate kwenye bafta mbili zilizogandishwa kwa gundi nyeupe isiyochanganywa, subiri zikauke juu ya umbo la kichwa lililofungwa nailoni, kisha toboa vishimo kwa sindano ukiwa umeegemeza kwenye kizibo cha chupa. Ndani ya kofia weka sumaku ya milimita 3, na nyingine kwenye fuvu kabla ya kupaka rangi. Zioanishe pande kabla ya kuzigandisha.