Mrejesho: ule mmea unaopanda miti bondeni

Wakuu, niliuliza kama mmea unaojizungusha kwenye miti ya mzee, bondeni karibu na ziwa huku Ilemela, ni magugu ya kung'oa. Aliyeniambia nigeuze majani, asante: pembeni kuna vidole vidogo vya spora (vumbi la kuzaliana badala ya mbegu), maua hakuna. Ni kangaga, Lygodium microphyllum, wa asili Afrika, Asia na Australia. Kilichonishangaza: ile kamba ndefu yote ni jani moja! Shina lenyewe limejificha ardhini. Balaa lake liko Florida, Marekani, ulikopelekwa. Huko hufunika miti, na moto ukiwaka hupandia humo hadi juu. Wafilipino huiita jamii yake nito, husukia vikapu. Mzee anasema "kamba tu hiyo". Tumeuacha.