Dar–Unguja mwezi wa 8: boti au ndege? Nungwi au Paje?

Mgeni_Mbezi: Wakuu, tuko wanne: mimi, bibi mwenye magoti mabovu, mtoto wa miaka 3, na shemeji anayetoka Hamburg. Siku nne. Tupande nini, tulale wapi?

pwani_kavu: Boti ya kasi ni kama saa 2, ndege dakika 20 hewani. Mwezi wa 8 ni kusi (upepo wa kutoka kusini), na mchana bahari huchafuka zaidi. Mkienda kwa boti, pandeni ya asubuhi, mkae chini, katikati kuelekea nyuma. Mbele ndiko inakopigapiga. Dawa ya kichefuchefu humezwa nusu saa hadi saa nzima kabla ya kung'oa nanga. Ukingoja mpaka utapike, unaitapika nayo. Tiketi dirishani, si kwa vishoka wa getini. Ndege ndogo huruhusu kilo 15 kwa mtu, tena begi laini.

Mzee_wa_Bamvua: Pa kulala ndipo penye hesabu. Paje na Jambiani maji yakipwa yanakimbilia mwambani, mnabaki na mchanga na mashamba ya mwani. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kujaa na kupwa hupishana kama mita 4. Kendwa na Nungwi, kule kaskazini, mnaogelea saa zote, na kusi haiwapigi usoni. Paje waachieni watu wa kaiti, wale wanaoteleza majini kwa kuvutwa na tiara. Mwambani vaeni viatu: ukichomwa na miiba ile myeusi ya kinyama cha baharini (sea urchin) usichokoe kwa pini, inakatikia ndani. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoyastahimili, dakika 30 na zaidi, ndipo utumie kibano.

dereva_wa_shamba: Nungwi ni daladala namba 116. Nafuu, ila inasimama kila kijiji, na bibi huyo hataweza kuinama na kubanana. Teksi: patana bei ya gari zima, si ya kichwa, kabla mizigo haijaingia.

dada_wa_zahanati: Malaria Unguja ni kidogo kuliko bara, lakini haijaisha. Chandarua kila usiku; homa ikianza, hata mkisharudi, pimeni siku hiyohiyo. Mtoto akiharisha, pakiti 1 ya ORS (dawa ya chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) kwa lita 1 ya maji salama, kijiko kwa kijiko. Ikipita saa 24 mwaga.

pwani_kavu: Shemeji alipe bima ya Zanzibar, dola 44, lazima kwa wageni wa kutoka nje ya nchi tangu Oktoba 2024. Akipitia Addis Ababa na kukaa zaidi ya saa 12, awe na kadi ya homa ya manjano, sindano iwe imechomwa siku 10 kabla.

Mgeni_Mbezi: Basi Kendwa. Bibi na mtoto ndege, sisi boti.