Naomba ushauri: sangara wa mtumbwi mmoja wanaonekana kwenye mitumbwi yote (Python)

Wakuu, habari za humu. Niko Mwanza, nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, usiku najifunza Python, lugha ya kuandika programu za kompyuta. Lupu na fankisheni nimezielewa. Nimekwama kwenye klasi.

Nilivyoelewa: klasi ni ule mchoro alionao fundi mitumbwi kichwani, objekti ni mtumbwi wenyewe unaoelea. Mchoro mmoja, mitumbwi mingi, kila mmoja na mzigo wake. Nikajiona mtaalamu.

Basi nikaandika klasi Mtumbwi, na juu kabisa ndani yake mzigo = [], yaani orodha tupu. Nikaunda mitumbwi miwili, a na b. Nikafanya a.mzigo.append("sangara"), yaani nikamwongeza sangara kwenye mzigo wa a. Kuchungulia b.mzigo, sangara yumo! Hata ziwani wizi wa hivi sijauona.

Jamaa mmoja kaniambia niihamishie orodha ndani ya __init__ (fankisheni inayojiendesha kila objekti inapoundwa) niandike self.mzigo = []. Imekubali, ila sijui kwa nini. Ina maana ile ya juu ni mali ya klasi, mitumbwi yote inachangia tenga moja? Na mbona rangi = "bluu" nayo niliiweka juu, nikaandika a.rangi = "nyekundu", ya b ikabaki bluu?

Halafu huyu self ni nani? Naita a.pakia("sato"), nimeipa fankisheni kitu kimoja, lakini nikiiandika bila self Python inalalamika kwamba imepewa viwili.

Tafadhali msinitumie video, bando langu ni la kuunga. Mifano mifupi ya maandishi inanitosha.